Jina Ambalo Halikuenea Msalabani

Tarehe tisa ya mwezi wa tatu mwaka huu nilimpoteza mke wangu. Aliugua siku nne. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka ishirini na sita, na katika siku hizo nne hatukuagana, kwa sababu sote wawili tulifikiri ni malaria.

Ndugu zangu wa shirika letu la kanisa, mniwie radhi nikisoma kwenye karatasi. Bila karatasi nitaruka mahali pagumu. Na kama ilivyo kanuni ya kikao chetu, sitataja jina la mtu, hata la mke wangu. Hilo litanipa taabu kidogo, maana habari yangu yote ni habari ya jina.

Wengi wenu mnanijua kwa kazi. Ninaandika vibao. Maduka kadhaa ya mtaa wa Makiso yana mkono wangu, na baiskeli nyingi za toleka zinazowabeba zina maneno yangu nyuma. Shule niliacha mwaka wa pili wa sekondari. Lakini ni mwaka wa nane sasa ninafundisha katika shule moja ya sekondari yenye sehemu ya sanaa. Mwalimu mwenye diploma anawafundisha vijana kuchora watu, vivuli na rangi. Mimi, Jumanne na Alhamisi, ninawafundisha namna ya kuandika neno likae vizuri kwenye ubao. Wananiita Papa Letre, yaani baba wa herufi.

Somo langu la kwanza kila mwaka ni moja: usianze kushoto. Hesabu herufi za neno. Tafuta herufi ya katikati. Pima ubao, weka herufi hiyo katikati ya ubao, halafu toka nje, moja kuume, moja kushoto, mpaka mwisho. Asiyejua kazi anaanza kushoto, anaandika kwa ukubwa anaoupenda, na ubao unakwisha wakati neno bado. Mmeviona vibao hivyo mjini, herufi za mwisho zimebanana kama watu kwenye benchi.

Wanafunzi wamelifanya somo hilo kuwa utani wao. Mmoja akimaliza mkate kabla ya chai kufika, wanasema, "Ameanza kushoto." Mvulana akimtumia msichana barua kabla hajajua kama ana mchumba, "Weye, umeanza kushoto." Nami nilikuwa nacheka nao.

Sasa nawaambia nilivyoanguka.

Shemeji yangu, ndugu wa marehemu, ni seremala. Alitengeneza msalaba mwenyewe, akaupaka rangi nyeupe, akauleta matangani ili utafutiwe mtu wa kuandika. Nikasimama kwenye mkeka, nikamwomba mtu aniletee brashi.

"Shemeji, ikala," akaniambia. "Leo uko mufiwa. Mufiwa hafanye kazi ya mikono. Niko na mutu, anakuya sasa hivi."

"Jina la bibi yangu haliandikwi na mkono wa mtu mwingine."

"Hapana hivyo. Ni desturi. Acha watu wakubebe."

Sikuacha. Nilichukua brashi, nikaandika. Ndugu zangu, mimi mwalimu wa herufi, sikuhesabu, sikupima. Nilianza kushoto.

Jina lake la ubatizo lilikuwa na herufi tisa. Ni jina ambalo ukikata mwisho wake linabaki jina la mwanaume. Nilifika herufi ya sita, nikaona mbao imekwisha. Zile tatu za mwisho nikazibana pembeni, ndogo, zikiinama kuelekea chini. Rangi ilikuwa bado mbichi, ningeweza kufuta. Lakini kufuta kulikuwa kukubali, nami sikukubali.

Makaburini, mita chache kutoka kwetu, familia nyingine ilikuwa inazika. Mama mmoja wa upande ule, mtu mwema, akaja kutupa pole. Akautazama msalaba kwa mbali kidogo, akaniuliza, "Pole yenu, papa. Huyu muzee alikuwa na miaka ngapi?"

Nilimjibu, "Hamsini na mmoja." Sikumsahihisha. Nilimwacha mke wangu azikwe kama mwanaume fulani, kwa sababu niliona haya. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kifo chenyewe, na leo ndiyo mara ya kwanza ninalisema mbele ya watu.

Baada ya hapo mkono ulianza kutetemeka. Nikishika brashi, unatetemeka. Nikishika kijiko, umetulia. Sikunywa pombe. Ningekuwa mlevi ingekuwa rahisi kuwaelezea. Mimi nilidanganya tu. Nilimwambia prefe, mkuu wa shule, kwamba nina malaria, kisha kwamba ni tifoidi. Kila asubuhi ya somo nilibeba mfuko wangu wa brashi ili majirani wanione nikienda kazini, nikashuka mpaka mtoni, nikakaa kutazama watu wakipakia mizigo. Saa saba nilirudi nyumbani. Nilifanya hivyo wiki saba.

Wakati huohuo wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa na juri mwezi wa tano. Kwa wasiojua, juri ni siku ambayo kila mwanafunzi anaweka kazi yake mbele ya watu kutoka nje ya shule, wanaipima, wanamwuliza maswali, wanampa alama. Atakayeanguka pale anarudia mwaka. Na kila mmoja lazima awe na kibao kilichoandikwa kwa mkono. Mwalimu mwenye diploma alijaribu kuwasaidia, lakini yeye mwenyewe husema herufi zake zinalewa. Walikuwa kumi na wawili, na niliwaacha. Nilijua ninawaacha.

Siku moja mchana, msichana mmoja wa darasa lile alikuja nyumbani na wasichana wenzake wawili. Alibeba ubao mtupu kichwani. Nilikuwa ndani, nikanyamaza ili wafikiri sipo. Mtoto wa jirani akawaambia, "Papa iko, anajificha tu." Basi nikatoka.

Msichana akaweka ubao chini. Alitaka kuandika kibao cha kazi ya mama yake, mshonaji. Akaniuliza, herufi ziwe na urefu gani?

Nikamjibu, "Andika popote unapotaka. Hakuna mtu anayesoma."

Wale wawili wakatazama chini. Yeye akanitazama.

"Sisi tulisoma, Papa," akasema. "Tulikuwa makaburini. Shule ilitutuma."

"Mlisoma nini?"

Mwenzake akamvuta nguo. "Acha, we. Papa iko na huzuni."

"Papa," akasema yule msichana, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, "ulianza kushoto."

Ndugu zangu, wiki saba watu wote walikuwa wameniambia pole, Mungu anajua, jipe moyo. Hakuna aliyegusa lile kosa. Huyu mtoto aliligusa, na aligusa kwa neno langu mwenyewe. Nilikaa kwenye kizingiti. Nilicheka, kisha nikalia, tena mbele ya wanafunzi, na wao hawakukimbia. Walikaa chini wakaningoja.

"Ndiyo," nikasema. "Nilianza kushoto."

"Na mtu akisha kuanza kushoto, anafanya nini? Hiyo hujatufundisha."

Ni kweli. Miaka minane nilikuwa nimefundisha namna ya kutokosea. Sikuwa nimefundisha kutengeneza.

Nilikwenda kwa shemeji siku ileile. Nilitaka kuutoa msalaba niupeleke shuleni. Alikataa mara moja. "Kutosha musalaba kwa kaburi? Bon, na weye utaingia mu nafasi yake? Hapana. Ukitaka kutengeneza, tutaenda kule." Akaacha randa yake, akaanza kutafuta msasa. Hakuniambia, "Nilikuambia." Namshukuru kwa hilo mpaka leo.

Jumamosi tulikwenda makaburini, shemeji, mimi na wale wasichana watatu. Shemeji alisugua herufi zangu mpaka mbao ikaonekana. Tukapaka nyeupe, tukangoja jua likaushe, tukapaka tena. Wasichana walipima. Walihesabu kwa sauti: tisa, ya katikati ni ya tano. Waliweka alama ya penseli, wakanipa brashi, wakageuka wakatazama upande wa barabara, ili wasinitazame mkono.

Nilianza na ile ya tano. Herufi hiyo iliinama kidogo, hata sasa imeinama. Ya sita na ya nne zilisimama. Nilipomaliza, shemeji alirudi nyuma hatua kama kumi, akalisoma jina la dada yake kwa sauti, lote.

Jumatatu nilikwenda kwa prefe nikamwambia sikuwa na tifoidi. "Nilijua," akasema. "Papa, una wiki tatu. Nenda darasani."

Namshukuru yeye. Namshukuru mwalimu mwenye diploma, aliyenipa saa zake za kuchora ili niwahi. Nawashukuru ninyi mama wa shirika. Mlileta chakula, lituma na pondu, mlangoni wiki zote zile, na nilipojificha mliacha sahani mkaenda. Wale wasichana watatu sina namna ya kuwalipa. Na namshukuru Mungu, ambaye sikumwomba kitu kipindi kile chote, naye hakuniacha.

Kama nina fundisho, ni dogo. Wanaotupenda wananyamaza ili wasituumize, na hilo ni jema. Lakini ukimwona mwenzako amekosea katika huzuni yake, mwambie polepole, kisha ukae naye. Usimwambie ukaondoka.

Juri ilikaa Ijumaa iliyopita. Mimi sina diploma, nilingoja nje chini ya dirisha. Kumi na mmoja walipita. Mmoja atarudia; ni yule aliyechelewa kuanza, na sehemu ya kosa hilo ni yangu. Nimemwambia hivyo yeye na baba yake.

Ilipofika zamu ya yule msichana, prefe alifungua mlango akaniita ndani. Kibao cha mama yake kilikuwa kirefu, na mjumbe wa juri alitaka mtu wa kumshikia mita ya kupimia upande wa pili. Nikashika. Akapima nafasi iliyobaki kushoto, akaandika. Akapima iliyobaki kuume, akatazama alichoandika, akapima tena: namba ilikuwa ileile. Msichana alisimama mikono nyuma. Mjumbe akaandika alama yake kwenye karatasi.

"Asante, papa," akaniambia. "Unaweza kuachilia."

Nikaachilia.