Rhoda Jerotich na Laini Saba

Kabla ya kumpakulia mtu yeyote, marehemu Rhoda Jerotich alidondosha mchuzi mgongoni mwa mkono wake wa kushoto, akaulamba, kisha akaita, "Haya, njooni mle." Yeye alikula wa mwisho. Hata koo lilipokataa chakula, hakuacha kuulamba mkono huo.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 huko Tambach, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kipngeno na marehemu Mama Tabitha. Alisoma hukohuko hadi darasa la saba, halafu akajifunza upishi mjini Eldoret. Mwalimu wake alilalamika kwamba akiambiwa apikie watu ishirini, anapikia arobaini.

Desemba 1982 alifunga ndoa kanisani Lodwar na Ekuwam, dereva wa lori. Mashemeji walimcheka: "Huyu msichana wa milimani atakimbia jua kabla mbuzi hawajazaa." Hakukimbia. Walijaliwa mabinti wawili, Akoru na Abei. Ekuwam alitangulia mwaka 2011.

Kuanzia 1996 alipika katika nyumba moja ya wageni Kakuma, akapanda hadi kuwa mkuu wa jikoni. Wenzake saba walikuwa wakimbizi kutoka Kongo na Burundi. Kusajili laini ya simu kulitaka kitambulisho ambacho wao hawakuwa nacho, basi Rhoda akawasajilia wote kwa jina lake. Josiane, rafiki yake mkubwa, alicheza siku hiyo katikati ya jiko na sufuria kichwani.

Corona ilipofunga nyumba ile Aprili 2020, wote wanane waliomba msaada wa mfuko wa waliopoteza kazi, kila mtu kwa simu yake. Rhoda ndiye aliyekwenda ofisi ya mfuko huo Lodwar kufuatilia. Alisimama juani hadi zamu yake ikafika dirishani.

"Mama, sistimu inasema umeomba mara nane," karani akamwambia.

"Si mimi. Ni watu."

"Sistimu inaona kitambulisho kimoja."

"Basi wapigie. Wataitika kwa majina yao."

"Anayefuata," akasema karani.

Mwezi Agosti zikaingia pesa za mtu mmoja: zake. Rhoda akanunua unga na maharagwe, akagawa mafungu manane. Hapo ndipo alipojiharibia. Wenzake walimwona mtu mwenye chakula cha kugawa wakati kila nyumba ina njaa, na laini zote ziko kwa jina lake. Wakajumlisha. Pale bombani Josiane alimwambia mbele ya watu, "Mama Akoru, feza zetu umekula, sasa unatutupiaka makombo?" Zéphyrin, aliyekuwa akipasua kuni za jiko lile, alirudisha fungu lake mlangoni, unga umemwagiwa maji. Rhoda angekula peke yake, huenda wangemwamini.

Aliendelea kufuatilia. Mfuko ulifungwa, ile ofisi ikawa duka la magodoro, naye bado alipiga namba ileile ya ofisi kila Jumatatu asubuhi, simu ikiita mahali pasipo na mtu. Ikipokelewa, aliwaambia mabinti zake, atalitaja jina la Josiane kwanza. Nyumba ya wageni ilipofunguliwa tena, yeye hakuitwa. Wale saba walikuwa wamekataa kupika na mwizi.

Machi 2024, hospitalini Lodwar, ilionekana kwamba ana saratani ya koo. Alitibiwa Eldoret, akarudishwa nyumbani Kakuma mwezi Novemba. Alimtuma Abei akamwite Josiane. Abei alirudi na jibu: "Mwambie alete feza kwanza." Mama yake alilisikiliza hadi mwisho, akageukia ukutani. Jumatatu iliyofuata hakuomba simu. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025.

Ameacha mabinti wawili, wajukuu watano na dada mmoja huko Tambach. Mungu ampe pumziko ambalo Kakuma haikumpa.

Wenzake saba wa jikoni tumewaona hapa mazishini, wameketi pamoja. Wageni wengine watuwie radhi: leo nyumbani kwa Rhoda hakuna jiko lililowashwa. Jioni ya mwisho Akoru alimdondoshea mama yake mchuzi mgongoni mwa mkono wa kushoto. Hakuulamba. Alimtazama bintiye, akasema, "Wakija, usiwapikie."