Msing'oe Mibaazi Yangu

Damas, kabla sijasema lolote, nenda kamwambie mwenye trekta alizime. Mama yako hajakata roho, umeshaita trekta lilime shamba! Hutaki? Basi simama hapo hapo mlangoni unisikie, nawe Debora niegemeze ukutani, maana pumzi nilizobakiwa nazo ni za kusemea haya tu.

Nyumba hii ni ya Debora, aliyeniuguza. Mbuzi mtagawana, na nisisikie huko niendako kwamba mmegombana mbele za watu. Shamba ni lako, Damas, na ndilo linaloniuma. Kila ukija kutoka mjini unaikuta mibaazi imefika gotini wakati mahindi yamekupita kichwa, unasema imedumaa, unaing'oa, nami nikirudi kutoka sokoni Kibaigwa nakuta kuni. Nimekasirika mpaka nimechoka kukasirika.

Haikudumaa, mwanangu! Ilikuwa chini, kazini. Mbaazi hutanguliza mzizi. Udongo wetu huu mwekundu ni bahili, chakula unacho lakini umekifumbata. Mahindi yanapapasa juu juu yanakosa, ila mzizi wa mbaazi hutoa uchachu wake, ukakilegeza, ukakinyonya. Bwana shamba alinieleza, nami nikachimba nikaona vifundo vidogo mizizini, ukivipasua ndani vina wekundu wa nyama, navyo ndivyo vinavyorutubisha ardhi. Yale mahindi uliyokuwa ukiyasifu yaliota palipokuwa na mibaazi mwaka uliotangulia. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Ya kwangu haikusingizia kitu, ni mkono wako ulioing'oa. Nimesema, nimerudia, ukaniitikia "ndiyo mama" huku unatazama simu.

Sasa agizo. Nizikeni shambani, kwenye ile mibaazi ya mpakani uliyosahau kuing'oa. Vijana watakuja kukupokea jembe, Damas. Kataa, chimba mwenyewe. Chimba ufike kiunoni... ufike kifuani... utaukuta mzizi bado unashuka. Utaona umefika huko kabla yangu. Ukishaona kwa macho yako, ndipo uamue habari ya trekta.

Maji, Debora... yatosha.

Mungu awatunze, wanangu. Awape riziki hata pale wenzenu wanapoona mchanga mtupu. Mpendane... msiachane...

Damas, mbona bado linanguruma? Nenda, baba... kalizime.