Gunia Kichwani mwa Loserian

Sogeeni karibu, wanangu. Violet, weka hiyo chai chini, na wewe Reginald uliyesimama mlangoni kama mgeni, ingia ukae, maana sauti yangu haifiki tena mbali, na haya sitayarudia. Daktari amesema wazi, nami nimemwelewa. Sikuwaita mje kulia. Nimewaita kwa sababu nina hasira, na sitaki kwenda nayo mbele za Mungu kabla hamjaisikia.

Ya shamba ni mafupi. Kihamba hiki chenye nyumba, kahawa na migomba ni cha Violet, aliyeniuguza bila kuchoka, na asitokee mjomba wala shangazi wa kumwambia kwamba mtoto wa kike harithi. Kipande cha njia ya Momela ni cha Reginald. Ng'ombe gawaneni. Nilikuwa nimepanga vingine, Reginald, na unajua kilichonigeuza moyo.

Baba yenu Sifael alinyongwa. Mmekua mkisikia watu wakisema kwa sauti ya chini kwamba alifia gerezani. Mimi leo nalitaja jambo lilivyo. Jirani yetu aliuawa kwa panga pale mpakani, mahakama ikasema muuaji ni baba yenu, yeye akaniambia hakuua, nami nilimwamini na ninamwamini hadi leo. Siku ya kunyongwa hatukuambiwa. Mwili hatukupewa. Mchungaji Solomoni, aliyekuwa akiwahudumia wafungwa na aliyesimama naye hadi mwisho, ndiye aliyekuja hapa kuniambia.

Alisema baba yenu aliomba jambo moja tu, asifunikwe uso. "Niacheni niwaone, na ninyi mnione." Mkubwa wa pale akamjibu kwamba huo ndio utaratibu, na kwamba ile kofia ya kitambaa inayoshuka hadi mabegani ni huruma kwake, asiione kamba. Huruma gani, wanangu? Kamba alishaiona, alikuwa akiiota tangu siku ya hukumu. Mchungaji akaniambia ziko nchi ambako mtu wa kupigwa risasi hufungwa macho kwa kitambaa, lakini akikikataa husikilizwa, akafa akiwatazama wenye bunduki. Baba yenu hata hilo alinyimwa. Nikamuuliza, "Sasa, Mchungaji, kile kitambaa kilikuwa cha nani?" Akasema, "Kilikuwa chetu, Mama Violet, sisi tuliobaki tumesimama. Uso wake ulipofunikwa, hata mimi nilipumua."

Niliishi na maneno hayo bila kuwaambia, nikidhani yamepita na baba yenu. Kumbe yalikuwa yananingojea hapa hapa uani kwangu.

Mwezi uliopita, Reginald, wewe na wenzako mlimkamata Loserian wa hapa kijijini mchana kweupe, ana mkungu wa ndizi zetu begani. Ndiyo, aliiba. Sisemi hakuiba. Mkamfunga mikono kwa kamba ya ng'ombe, halafu wewe Reginald, mtoto wa Sifael, ukaingia stoo yangu, ukatoka na gunia la kahawa, ukamvisha kichwani hadi kifuani. Nilikuwa nakuona dirishani. Nani alikufundisha? Najua hakuna aliyekufundisha, na hilo ndilo linaloniumiza.

Nikatoka kitandani nikishika ukuta. Nikawakuta mmemzunguka na fimbo na mawe, na mmoja wenu ana chupa ya petroli aliyoitoa kwenye bodaboda yake. Ukaniambia, "Mama, rudi ndani, huyu ni mwizi tu." Nikauliza, mwizi huyo hana jina? Nikalivuta lile gunia mwenyewe, likakwama kidevuni, nikalivuta tena. Akatokea Loserian, vumbi limejaa machoni, anakohoa, na alichosema mtu yule mliyetaka kumchoma moto ni, "Shikamoo, mama." Nikaitikia marahaba.

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akiniambia Mchungaji. Yule wa petroli akaificha chupa mgongoni. Mwingine, ambaye mkewe alipozidiwa na uchungu Loserian alisaidia kumbeba hadi barabarani, akatupa jiwe akaondoka bila kuaga. Na wewe uliyechunga naye ng'ombe utotoni ukatazama viatu vyako. Kwani kabla ya hapo hamkumjua? Mlimjua vizuri, ila mlitafuta gunia ili msimjue.

Jioni ukanijia kunilaumu kwamba nimekuaibisha mbele ya wanaume wenzako. Ningekuaibisha tena kesho kama miguu ingenibeba. Serikali ilinifichia mume wangu ndani ya kitambaa, na sikuwa na pa kuisemea. Lakini gunia lilitoka stoo yangu, mikononi mwa mtoto niliyemnyonyesha, na hilo sitalinyamazia hata kaburini.

Violet, nipe maji. Kidogo tu... basi.

Shikeni haya. Mwizi akikamatwa katika ardhi yangu apelekwe polisi, uso wake wazi. Reginald, kata jani la isale, ulipeleke kwa Loserian kwa mkono wako mwenyewe, kama tunavyoomba msamaha sisi, na usitume mtu. Kwenye jiwe la kaburi langu andikeni jina la Sifael juu ya langu, maana kaburi lake hatulijui lilipo. Na ibada ya mazishi isiwe ndefu, watu wana kahawa ya kuvuna.

Violet... Mungu akulinde unapoingia na unapotoka. Akupe wa kukuuguza wewe, kama ulivyoniuguza.

Reginald, njoo. Karibu zaidi, sioni vizuri. Piga magoti hapa... usiinamishe kichwa, mwanangu. Leta uso. Una macho ya baba yako, mimi... sikuwahi kukuambia. Nakubariki. Pamoja na hasira yangu yote... nakubariki. Kaa hapo hapo. Niangalie... usigeuke.