Nusu ya Baba

Jioni hiyo Fundi Cheche, mchomea mageti, alikuja kijiweni uso umemkauka. Mimi ndiye muuza kahawa hapo. Nilijua jambo ambalo wale wawili wengine, Kinyozi na mshona viatu tunayemwita Redio, hawakulijua: binti wa Fundi aliletwa kwake mgongoni mwa mama yake. Fundi alimuoa mama, akampa mtoto jina lake, na habari ikaishia hapo. Binti mwenyewe hakuwahi kuambiwa.

— Leo shuleni wanatoa DNA, Fundi akasema.

— Watoto? Kwani wamefanya nini? Kinyozi akauliza.

— Mchezo wa upelelezi. Keki ya mwalimu imeliwa, wanamsaka mlaji. Kila mtoto anasukutua maji ya chumvi, anatema kikombeni.

— Basi kwisha habari, Redio akasema. Mate hayana siri. Wanajua ukoo wako mpaka babu wa babu.

— Kwa mate tu?

— Hata jasho. Ukishika kitasa cha mlango, umeshajitaja.

— Ndiyo maana nywele za wateja nazichoma, Kinyozi akadakia. Mtu akizizoa, kesho ndoa tatu chali.

— Na majibu hayakai shuleni, Redio akaendelea. Yanaingia kwenye kompyuta moja ya dunia nzima. Ukibonyeza jina la mtoto, inatoa picha ya baba.

Kahawa ikamwagikia Fundi mkononi. Hakuifuta.

— Baba gani?

— Baba yake. Kwani ana wangapi?

Nikamjazia kikombe, nikamnong'oneza asiwasikilize. Alikuwa anatazama njia ya shule.

Binti akatokea, ameshika kichupa kwa vidole viwili. Akatuamkia, akakaa karibu na baba yake.

— Baba, tazama. DNA yangu.

Juu ya maji kulielea kiuzi cheupe, kimejisokota kama kamasi.

— Umekipataje? Kinyozi akauliza.

— Yale mate, sabuni ya vyombo, halafu spiriti baridi, unaimimina taratibu pembeni.

— Na imesema nini? Fundi akauliza.

— Haisemi, baba. Hii ni ya kuona tu. Mlaji tulimpata kwa kulinganisha michoro ya DNA aliyoandaa mwalimu. Ni mwalimu mkuu.

Redio na Kinyozi wakacheka. Fundi akashusha pumzi, mabega yakalegea. Binti akainua kichupa usawa wa macho.

— Ila mwalimu amesema nusu ni ya mama, nusu ni ya baba. Yako ni ipi?

Redio akamtazama Fundi. Kinyozi akageukia barabarani. Fundi alikikodolea macho kile kiuzi.

— Mama yupo nyumbani? akauliza.

— Yupo.

— Twende. Hilo tutakujibu wote wawili.

Akambebea begi, wakaondoka. Usiku ule sikupata usingizi.

Asubuhi, nikiwasha jiko, binti akapita kwenda shule, macho yamemvimba. Akasimama.

— Mjomba, baba anasema ulikuwepo siku nilipoletwa kwake.

— Nilikuwepo.

— Nilikuwa nimeshaota meno?

— Mawili ya chini. Ulimng'ata kidole alipokupokea.

Akafikiri kidogo.

— Akafanya nini?

— Hakukutoa mikononi mwake.

Akatikisa kichwa kukubali, akaenda shule.