Kiti Kirefu cha Aurelia

Kijiwe cha Rabia muuza kahawa, pale Ifakara, kinapakana na karakana ya Zakayo seremala, na benchi la wateja alilitengeneza Zakayo mwenyewe. Asubuhi hiyo alitoka ndani amebeba kiti kirefu cha mtoto, alichokiunga kwa mabaki ya mitiki. Wiki iliyopita mjukuu wake Aurelia, anayejifunza kutambaa, aliufuata uji wa moto akatumbukiza mkono. Mkono ulipona. Babu ndiye aliyekosa usingizi, na kiti cha dukani bei haishikiki.

Gosbert, aliyefanya kazi kiwanda cha sukari akabaki na jina la Injinia, aliinama pale benchini akakitikisa kiti. Kikayumba.

— Panua miguu, mzee. Mtoto akijitupa nyuma, kinaondoka naye.

Zakayo aliona hilo ni neno. Lakini Injinia hakuishia hapo. Alitaka magurudumu, kisha king'ora kitakacholia mtoto akiinama. Abdulkarim wa bodaboda, aliyeketi kando yake, waliyemwita Breki kwa sababu haijui, yeye alitaka mikanda ya tyubu ya tairi, kiunoni na mabegani.

— Samaki mkunje angali mbichi. Na avae helmeti.

— Helmeti ya kulia uji?

— Injinia, wewe ajali huzijui.

— Mimi naongeza urefu. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mlee juu, atakuwa mtu wa juu.

— Na aliye juu mngoje chini. Kwa hiyo tutandike godoro.

Rabia alicheka hadi kahawa ikamwagika. Zakayo hakucheka. Alikuwa ameshika penseli, anawaza atapata wapi mbao za kuongeza urefu.

Ndipo akapita Sikitu, mama wa mtoto, Aurelia mgongoni. Aliwaamkia wote shikamoo, akakitazama kiti kwa muda.

— Kizuri, baba. Ila nyumbani tunakula mkekani, sinia katikati. Akikaa huko juu, nani atasimama amlishe?

Injinia alichungulia kikombe chake. Breki akaangalia pikipiki. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na meza ya chakula kwake.

Zakayo aliingia karakana, akarudi na msumeno. Akakilaza kiti ubavu, akachora mstari kwenye miguu, kiganja kimoja tu chini ya kikalio.

Injinia akakohoa, akaanza tena habari za magurudumu.

— Simameni, — alisema Zakayo. — Nataka benchi la kukatia.