Kasa Alipotunyamazisha Gazi

Wewe, umewahi kumsikia kasa akivuta pumzi? Basi keti, sogea, usimwogope Chef. Kijiwe chetu hapa Gazi kiko pale njia ya miguu inapoanza kushuka horini. Mimi naitwa Digrii, kwa dharau: nimesomea mazingira, na applications zangu zote zimejibiwa kwa kimya. Jana Twaiba, anayetembeza wageni kwa kayaki kutazama ndege na kasa kwenye mikoko, wageni wake walighairi safari. Akatupakia sisi, bure, kwa sharti moja: tunyamaze. Sisi! Leo asubuhi tukakuta mashimo ya nguzo za ua yamechimbwa katikati ya njia ileile. Hakuna aliyeyataja. Mawazo ya watu yalikuwa bado kwa kasa wa jana.

— Aliniangalia mimi, — akasema Mzee Shutu, tunayemwita Redio kwa sababu hata akilala anatangaza. — Alitoa kichwa, fyuuu, akanitazama. Kasa yule ananijua.

— Akujue wapi, mzee? — akadakia Chef, yaani Hesbon, aliyepikia hoteli Diani mpaka wakampunguza. — Alikuwa anacheki mimi. Wanyama wanajua mtu wa jikoni.

— Angekujua angekimbia!

— Boti za injini ndizo anakimbia. Sisi alitukaribia. Ni rangi, si unaona? Kayaki ni yellow, akadhani ni embe.

— Embe baharini, Chef?

— Basi akadhani ni mamake.

— Sikilizeni, — Redio akashusha sauti. — Kura zinakaribia. Yule ametiwa kamera. Anatuhesabu.

Nikashindwa kuvumilia.

— Wazee, it's simple ecology! Maji yalikuwa yamejaa, majani anayokula yako chini pale, na sisi hatukuwa na kelele. Full stop.

— Na ecology ndiyo iliyokuliza? — akauliza Chef.

Kweli nililia. Ndege mdiria alipita karibu na kasia langu, samawati tupu, kisha kasa akapumua ubavuni. Tangu alfajiri nilikuwa nailaani nchi hii, na ghafla sikuwa na la kulaani. Nikasema alhamdulillahi, mimi ambaye shukrani hunitoka kama jino.

Twaiba akatokea, makasia begani.

— Shikamooni. Nimekuja kuwashukuru. Sijapata wageni watulivu kama nyinyi.

— Marahaba. Sisi ndio tushukuru, mwanangu, — Redio akasema, na safari hii hakutania. — Nimevua hori hili tangu ujana. Kasa nilimjua wavuni tu. Sikujua ana macho ya kumtazama mtu.

Hapo akafika Milcah, mwalimu mgeni hapa kijijini, akaamkia, akapewa kahawa.

— Naomba kuuliza tu. Hizi nguzo zikisimama, mtashukia wapi majini?

Redio akageuka kuyatazama mashimo. Chef akatazama ndani ya kikombe. Twaiba akayashusha makasia chini polepole. Kimya kama cha jana, ila hiki hakikuwa na kasa ndani yake.

Basi nasema mimi, mwenye mdomo na asiye na kazi. Wewe uliyeamuru mashimo yale, na wewe uliyemtilia sahihi kibali cha ua: upana wa mtu na kayaki yake unatutosha. Leo sidai ajira, deni hilo liko palepale. Nadai njia. Fukieni mashimo yenu kabla maji hayajajaa. Twaiba ana wageni.