Koini Haiuzwi, Mikarafuu Inakodishwa

Kijiwe chetu kipo nyuma ya soko la Morogoro, benchi la mbao lililoegemea kibanda cha Halidi, fundi simu. Tunamwita Chati, kwa sababu ya mistari ya bei anayoikodolea macho kwenye simu tangu alfajiri. Wa kubishana naye ni mwalimu mstaafu, tumembatiza Silabasi, na kahawa anatupikia mzee Said. Mimi nashona viatu, masikio hayana kazi. Asubuhi hiyo Kasiani alishuka kutoka Kinole, kule milimani, na niliposikia alichofuata nilikasirika. Saa nne tajiri wa viungo angempigia simu waandikishane. Amkodishe mikarafuu yake arobaini kwa misimu mitano, alipwe yote leo leo, na hela hiyo Chati amnunulie koini za mtandaoni. Mtu mzima, baba wa watoto wanne!

Chati: Mzee Kasiani, toa presha. Koini unanunua, unatulia.

Kasiani: Mbona juzi uliniambia imeshuka?

Chati: Ikishuka ni nzuri, unanunua kwa bei poa. Ikipanda ni nzuri, ushatajirika.

Kasiani: Na ikisimama?

Chati: Inapumzika. Haba na haba hujaza kibaba.

Silabasi: Hiyo ni ya kujaza, Chati. Chako kibaba kinavuja.

Chati: Mwalimu, wewe baki na chaki zako. Koini zinachimbwa, na zikifika milioni ishirini na moja, basi, hakuna tena duniani.

Silabasi: Zinachimbwa wapi?

Chati: Kwenye kompyuta.

Silabasi: Kwa sururu gani?

Said: Nimesikia hizo kompyuta zinakunywa maji balaa. Ndiyo maana mto wetu umenywea.

Nilitegemea Silabasi amcheke. Badala yake akasimama.

Silabasi: Hapo sasa nimeelewa! Wakoloni walichimba madini ya ulanga huko milimani. Ulanga unang'aa, kioo cha simu kinang'aa. Walijua! Wakabakiza mwingine chini, leo wanauvuta kwa mtandao.

Chati: Umechelewa sana, mwalimu. Inakuja siku dunia nzima inalipana koini, hata kwenye kashata ya mzee Said.

Said: Na chenji nitarudisha nini?

Chati: Chenji ni ushamba.

Nikajichoma kidole kwa sindano ya viatu.

Kasiani: Jamani, mimi niambieni kitu kimoja. Nitaiuza lini?

Chati: Huuzi.

Kasiani: Hata ikipanda?

Chati: Ikipanda ndiyo kabisa! Anayeuza ni mwoga. Sisi wenyewe tunashikilia mpaka kaburini. Mwenda pole hajikwai.

Uso wa Kasiani ukachanua.

Kasiani: Kumbe ni kama ardhi ya ukoo! Kwetu milimani shamba la ukoo haliuzwi, wanarithi watoto wa dada. Mimi changu ni mikarafuu tu, kwa kuwa niliipanda kwa mkono wangu. Kwa hiyo natoa miti, napata ardhi?

Chati: Umeona? Umeeleza kunizidi hata mimi.

Sijawahi kuona mtu akielewa vizuri namna ile kitu asichokijua.

Hapo akatokea Felista, dada yake mkubwa, anayeuza magimbi ya kuchemsha pale sokoni. Kapu kichwani, jasho usoni.

Kasiani: Shikamoo, dada.

Felista: Marahaba. Nimekutafuta soko zima. Ni kweli unakodisha mikarafuu?

Kasiani akamweleza yote, na ulanga akautia. Felista akatua kapu, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

Felista: Kwa hiyo haiuzwi kabisa?

Chati: Kabisa, mama. Kama shamba lenu la ukoo.

Felista: Shamba letu haliuzwi, ni kweli. Lakini tunakula magimbi yake na ndizi zake, na watoto wa huyu wanasoma kwa karafuu zilizoota juu yake. Hiyo yenu, wakati haiuzwi, mnakula nini?

Silabasi akachungulia kikombe chake. Chati akafungua simu, akaitazama mistari ikipanda na kushuka, akaifunga. Nami nilimwonea huruma, nikainamia kiatu changu. Said akainamisha birika, likatoa machicha matupu.

Said: Kahawa imekwisha.

Simu ya Kasiani ikaita. Saa nne. Alikuwa tajiri.

Chati: Mwambie asubiri kidogo.

Kasiani: Asubiri nini?

Simu ikaita mpaka ikakata, ikaanza tena. Kasiani akaizima, akainama kulibeba kapu la dada yake.

Felista: Ngoja kwanza.

Akatoa gimbi moja, bado la moto, akamwekea Chati mkononi.

Felista: Kula, mwanangu. Tangu nifike naona unatazama simu tu.

Chati alilimaliza lote, bila chumvi.